Salisbury: Miaka 38 ya Kujenga, Miaka 37 ya Kukarabati

Jiwe la msingi la Kanisa Kuu la Salisbury, kusini mwa Uingereza, liliwekwa tarehe 28 Aprili 1220, na mwaka 1258 kanisa likawekwa wakfu. Kwa jengo la ukubwa ule, miaka 38 ni kasi ya ajabu. Kanisa kuu la York, lililoanza kujengwa takriban wakati huohuo, liliwekwa wakfu mwaka 1472.

Kasi hiyo ilitokana na kiwanja. Askofu Richard Poore aliamua kukihama kilima cha Old Sarum, chenye upepo mkali na maji haba, ambako mapadri waligombana na askari wa ngome. Huku bondeni walikohamia hapakuwa na kanisa la zamani la kubomoa.

Gharama inayotajwa ni marki 42,000, yaani pauni 28,000 za enzi hizo. Ukikadiria kwamba mwashi stadi alilipwa peni 4 kwa siku, na pauni moja ilikuwa peni 240, fedha hizo zinatosha siku milioni 1.68 za kazi. Kwa siku 250 za kazi kwa mwaka, ni sawa na kuwalipa waashi 177 mfululizo kwa miaka yote 38. Bila shaka sehemu ya fedha ilikwenda kwenye vifaa: takriban tani 70,000 za mawe, tani 3,000 za mbao na tani 450 za risasi ya kuezekea. Mawe mengi yalitoka machimbo ya Chilmark, umbali wa kilomita 20 hivi.

Deni kubwa, kwa maoni yangu, liliingiwa baada ya hapo. Mwanzoni mwa karne ya 14 waliongeza mnara wenye ncha unaofika mita 123, mrefu kuliko minara yote ya makanisa ya Uingereza iliyosimama leo. Ule wa Lincoln, uliosemwa kuwa mrefu zaidi, ulianguka mwaka 1548. Nyongeza ya Salisbury ina uzito wa tani 6,500 hivi. Hayo ni malori 217 yaliyosheheni tani 30 kila moja, yamepandishwa juu ya nguzo nne ambazo hazikukusudiwa kubeba mzigo huo. Kila nguzo ilibebeshwa wastani wa tani 1,600 za ziada, na ukizitazama leo unaona zimepinda.

Na chini yake? Msingi wa mita 1.2 tu, juu ya tabaka la changarawe lililojaa maji. Changarawe hiyo ndiyo iliyoliokoa kanisa, mradi maji yasipungue wala kuzidi sana. Ndiyo maana kuna tundu sakafuni la kupimia kina cha maji hayo kwa ufito. Mwaka 1668 msanifu majengo Christopher Wren alipima kwa timazi akakuta ncha imeinama sentimita 75, naye akapendekeza mnara ufungwe kwa vyuma. Vipimo vya karne ya 20 vilionyesha kwamba haujasogea kwa kiasi cha kutisha.

Hatari ya siku hizi ni mvua na baridi inayokula uso wa mawe. Mwaka 1985 ulizinduliwa mchango wa pauni milioni 6.5, hasa kwa ajili ya mnara na uso wa magharibi. Kazi ikapanuka, ikalizunguka jengo zima, na mpango mkubwa wa ukarabati ulioanza 1986 ukakamilika 2023: miaka 37, mwaka mmoja tu pungufu ya muda uliotumika kulijenga.

Nani analipa? Kanisa la Anglikana ndilo kanisa rasmi la Uingereza, kwa hiyo wengi hudhani hazina ya serikali inabeba mzigo. Haibebi. Makanisa makuu hayana ruzuku ya kudumu ya serikali ya kuyaendesha. Kati ya 2014 na 2018 serikali ilitenga pauni milioni 40 za ukarabati, zikagawanywa kwa makanisa makuu ya Anglikana na ya Katoliki nchini humo, kisha mfuko ukafungwa. Fedha nyingine hutoka kwa wafadhili, sadaka na viingilio vya watalii, na fedha ya watalii hukauka ghafla, kama ilivyotokea wakati wa Uviko. Naona ni makosa kuliacha jengo la karne nane litegemee kipato cha namna hiyo.

Majukwaa ya waashi yalipoondolewa, karakana ya mawe ya kanisa haikufungwa. Jiwe jipya lililowekwa mwaka 1986 lilikuwa limeshanyeshewa kwa miaka 37.