Maelezo ya filamu yahama kutoka kwenye diski

KWA miaka mingi, mtazamaji aliyetaka kumjua mwigizaji aliyemwona kwenye filamu alilazimika kusubiri orodha ya majina mwishoni. Teknolojia ya kidijitali imeibadili hali hiyo kwa kuyaweka maelezo ndani ya filamu yenyewe.

Miongoni mwa mifano ya awali ni DVD ya filamu ya The Matrix, iliyotolewa mwaka 1999. Mtazamaji akichagua kipengele maalumu, picha ndogo ya sungura mweupe hujitokeza katika baadhi ya matukio. Akibonyeza rimoti, huonyeshwa jinsi tukio hilo lilivyotengenezwa, kisha hurejeshwa kwenye filamu.

Mwaka 2012, kampuni ya Amazon ya Marekani iliingiza filamu katika huduma yake ya X-Ray. Mtazamaji anaweza kuona papo hapo majina ya waigizaji waliomo katika tukio analolitazama. Taarifa hizo hutoka katika hazina ya IMDb, ambayo Amazon iliinunua mwaka 1998.

Tofauti kati ya njia hizo mbili si ndogo. Maelezo ya kwenye diski hubaki kwa aliyeinunua, maadamu diski na mashine ya kuichezea zipo. Yale yanayoletwa kwa intaneti husahihishwa na kuongezwa kwa urahisi, lakini yamo mikononi mwa kampuni. Filamu ikiondolewa kwenye huduma, nayo huondoka. Kwa hiyo, anayethamini historia ya filamu aipendayo bado ana sababu ya kuitunza diski yake.