Ndoa ya Serikali: Pesa ya Msajili na Pesa ya Ukumbi Haziendi Pamoja

Dada mmoja alipigia kitengo chetu cha wateja Ijumaa jioni akitaka tumrudishie shilingi 40,000. Alikuwa amezilipa wiki mbili nyuma kwa Till ya bustani moja ya harusi, na pesa ilikuwa imefika pale pale alipoituma. Shida ilikuwa tarehe. Alilipia bustani kwanza, halafu ndipo akaenda kuomba siku kwa msajili wa ndoa, akaambiwa muda wa ilani hautakuwa umekwisha kufikia Jumamosi ile aliyoitaka. Bustani nayo ikamwonyesha karatasi aliyotia sahihi: arubuni hairudishwi.

Hatungeweza kuivuta pesa hiyo. Malipo yaliyokwenda kwa Till sahihi, kwa kiasi sahihi, si makosa ya kutuma. Ni mapatano kati ya mnunuzi na mwenye biashara. Lakini tulikaa tukajiuliza ni wateja wangapi wanaingia shimo hilo hilo, kwa sababu kila msimu wa harusi simu za aina hii hazikosi.

Basi tuanze na msajili, kwa maana tarehe yote inatoka kwake.

Ndoa ya kiraia, ile tunayoiita ya AG (na wazee wetu bado huita ya DC), inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya 2014. Sheria hiyo inataka mtoe ilani ya maandishi kwa msajili. Ilani isipungue siku 21 kabla ya ndoa, na isizidi miezi 3. Watu wengi wanajua ile ya siku 21. Ya miezi 3 ndiyo huwapiga chenga. Tuseme mnataka kuoana tarehe 20 Desemba: mkitoa ilani baada ya tarehe 29 Novemba mmechelewa, na mkiitoa kabla ya tarehe 20 Septemba mmewahi mno. Ukiwahi mno ujue unaweza kurudi mwanzo, na kurudi mwanzo ni kulipa tena. Siku hizo za kusubiri zipo ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kulileta, kwa hivyo hakuna wa kuzifuta kwa sababu mmeshachapisha kadi. Ipo leseni maalum kwa wenye haraka ya kweli, ila ina ada yake juu na huombwa rasmi, haipatikani mlangoni.

Sasa pesa. Usitegemee video ya miaka mitatu iliyopita inayokuambia ndoa ya AG ni bei fulani. Ada hizi huwekwa na serikali na zimewahi kupandishwa. Bei ya leo ni ile inayotokea kwenye ankara yako ya eCitizen, basi. Jambo la kuelewa ni kwamba ankara si moja. Kuna ada ya ilani, na kuna ada ya kufungishwa ndoa yenyewe, nazo hulipwa kwa hatua tofauti. Mtu hulipa ile ndogo ya kwanza, akapumua, akadhani amemaliza. Ukitaka msajili atoke ofisini awafuate bustanini au nyumbani, hiyo ni ada nyingine tena. Na ofisi za serikali hufungwa Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo harusi ya wikendi ni jambo la kuulizia mapema, si la kukisia.

Weka kando pia pesa ndogo ndogo ambazo haziko kwenye ankara: picha za pasipoti, nakala za vitambulisho, na hati ya kiapo kwamba hujaoa au hujaolewa, ambayo hutiwa muhuri na kamishna wa viapo. Aliyewahi kuoa au kuolewa atahitaji hati ya talaka au cheti cha kifo cha mwenzake. Mashahidi wawili waje na vitambulisho vyao. Pete, kwa upande wa sheria, si lazima. Tumesema hivyo kwa sababu kuna watu wameahirisha ndoa wakitafuta pesa ya pete.

Malipo yote ya serikali huingia kupitia Paybill 222222. Namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye ankara yako. Isome mara mbili kabla ya kuweka PIN, na uangalie jina linalojitokeza. Ukishalipa, rudi kwenye eCitizen uone kama ankara imebadilika kuwa imelipwa. Kama pesa imekatwa na ankara bado inadai, tafadhali usilipe mara ya pili kwa hofu. Tunza SMS yenye namba ya muamala, subiri kidogo, halafu wasiliana na eCitizen ukiwa nayo. Umeifuta SMS? Omba taarifa ya akaunti yako, muamala utauona pale.

Hapa tuseme bila kuzunguka. Mtu akikuambia utume pesa kwa namba yake ya simu ili akupatie tarehe ya karibu, au ili msajili apate mafuta ya gari, mwombe ankara. Ada halali ina ankara. Asiyekuwa nayo anakuuzia maneno, hata kama amevaa kitambulisho shingoni na anakuita "bibi harusi" kwa upole.

Ukumbi ni dunia nyingine. Hapa hakuna bei ya serikali, kila mwenye bustani ana yake, na bei unayotajiwa kwa simu ni nadra kuwa bei utakayolipa. Swali la kwanza: je, VAT imo? Bustani ya 80,000 ikiongezwa asilimia 16 inakuwa 92,800, na hizo 12,800 ndizo zinazovunja bajeti ya keki. Halafu uliza viti na mahema ni vya nani, stima ya spika inatoka wapi, mwisho ni saa ngapi na ukipitisha saa moja wanadai ngapi. Ukija na mpishi wako au vinywaji vyako, kuna wanaotoza. Wengine huomba amana ya uharibifu. Hiyo inafaa kurudi, basi iandikwe itarudi baada ya siku ngapi na kwa namba gani.

Kama nyinyi ni wa harusi ndogo, mnatoka kwa msajili mnaenda tu kupiga picha Karura au Arboretum, hapo pia msifike mikono mitupu. Maeneo hayo yako chini ya Shirika la Misitu la Kenya, na ruhusa ya picha za harusi ni tofauti na kiingilio cha kawaida cha mgeni. Shughulikieni siku chache kabla. Kusimama getini na shela, mtandao ukisumbua, si kumbukumbu nzuri.

Kwa upande wa kulipa ukumbi, chagua Till au Paybill yenye jina la biashara mliyoandikiana nayo. Kwa Till mara nyingi wewe mnunuzi hukatwi ada. Kwa Paybill inategemea jinsi biashara ilivyojisajili. Kutuma kwa namba ya mtu binafsi unakatwa, na ushahidi wako ni dhaifu mambo yakiharibika. Jina likitokea tofauti na lile la kwenye mkataba, ghairi muamala kwanza, uliza baadaye.

Yule dada tulimshauri aombe bustani imhamishie tarehe badala ya kudai pesa. Walikubali, akaongezewa shilingi 5,000 za kuhama. Alitoa ilani Jumatatu iliyofuata, akasubiri siku zake 21, akapata tarehe kwa msajili, ndipo akapigia bustani simu kuwapa siku mpya. Alipotupigia tena alikuwa na swali moja tu: kamati ya harusi ichangie kwa laini yake au ya mweka hazina? Tukamwambia ya mweka hazina, tena laini isiyo na mkopo, maana kuna mikopo inayojilipa yenyewe pesa ikiingia.