Kukausha Zabibu: Msimu Upi Unafaa?
Njia ya misafara ya Bagamoyo hadi Tabora ilipita Ugogo, mkoani Dodoma, ambako leo hulimwa zabibu. Mizabibu hupogolewa mara mbili kwa mwaka, hivyo huvunwa Februari–Machi na Agosti–Septemba. Zabibu mbichi zikikosa mnunuzi huoza. Kuzikausha huokoa mavuno.

Hatua:
1. Chagua zisizo na mbegu, zilizoiva, sukari huzihifadhi.
2. Zitandaze kwenye kichanja au kikaushio cha jua ili hewa ipite na vumbi lisiingie.
3. Kausha hadi unyevu ufikie takriban asilimia 15. Kilo 4 hutoa kilo 1 hivi.

Mavuno ya Agosti–Septemba yanafaa zaidi: ni kiangazi. Ya Machi hukutana na mvua, yakaota ukungu.

Ukiulizwa "eleza", toa sababu ya kila hatua, usiorodheshe tu.