Kufunga Dirisha si Kutoka

Katika nyumba yenye kompyuta moja, kiti kilicho mbele yake hakipoi. Baba huinuka akiwa amekwisha kusoma barua zake, na mara mwanafunzi wa kidato cha tatu huketi ili atafute matokeo ya mtihani. Kabla ya kuinuka baba alilifunga dirisha la kivinjari, naye anaamini kwamba amefunga mlango. Lakini mwanawe anapoifungua tovuti ile ile ya barua, sanduku la baba linatokea wazi, wala hakuna aliyeulizwa neno la siri. Kompyuta haikukosea. Ilifanya kama ilivyoagizwa, na ili kulielewa agizo hilo yafaa kuifuata safari ya neno la siri tangu mwanzo wake.

Neno la siri liliingia katika kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka 1961 kundi lililoongozwa na Fernando Corbató lilionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu wengi kuitumia mashine moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na majalada yake, kila mtu alipewa neno lake. Maneno yote yaliwekwa katika jalada moja, yakiwa yameandikwa waziwazi. Mwaka 1962 mwanafunzi wa shahada ya udaktari, Allan Scherr, aliona kwamba muda aliogawiwa wa kuitumia mashine haumtoshi kwa utafiti wake. Kwa njia ya kadi iliyotobolewa, akaiagiza mashine ichapishe jalada la maneno ya siri. Mashine ikatii. Hivyo umri wa neno la siri haukuwa umetimiza hata miaka miwili, na tayari lilikwisha kuibwa, tena na mtu mwenye shida ya kawaida kabisa.

Udhaifu haukuwa katika neno lenyewe bali katika mahali lilipowekwa. Dawa yake ni wazo ambalo hadi leo huwashangaza wengi: kompyuta inayohudumia tovuti, ambayo mafundi huiita seva, haina haja ya kulihifadhi neno la siri. Huhifadhi unga wake tu. Mahindi yakisagwa hayarudi kuwa punje, na vivyo hivyo kuna hesabu ambazo ni rahisi kuzifanya kwenda mbele, lakini ni ngumu mno kuzirudisha nyuma. Neno la siri likipitishwa katika kinu hicho cha hesabu hutoa mfululizo wa herufi na tarakimu usioeleweka, na neno lile lile hutoa unga ule ule kila mara. Mtu anapoingia, seva hulisaga neno alilochapa, ikalinganisha unga wake na ule ulio ghalani. Zikilingana, anakaribishwa.

Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson, wa maabara za Bell, walichapisha uchunguzi wao wa maneno ya siri 3,289 yaliyotumiwa na watu halisi. Maneno 15 yalikuwa ya alama moja tu. Mengine yalikuwa ya herufi mbili, tatu au nne, na mengine 492 yalipatikana katika kamusi, orodha za majina na vitabu vya namna hiyo. Kwa jumla maneno 2,831, yaani asilimia 86, yaliweza kukisiwa kwa urahisi. Wataalamu hao walieleza pia desturi ya kuchanganya kila neno na nyongeza ya nasibu kabla ya kulisaga, nyongeza ambayo kwa utani wa mafundi iliitwa chumvi na jina hilo likabaki. Kwa chumvi hiyo, watu wawili wenye neno moja huwa na unga tofauti, na mwizi hawezi kutumia jedwali moja kuwakamata wote.

Mwizi aliyeupata unga hana njia ila kukisia, kusaga na kulinganisha. Hapo hisabati ya darasani inatosha. Neno la herufi ndogo 8 zilizochaguliwa ovyo laweza kuwa mojawapo ya maneno 26 kwa kipeo cha 8, yaani 208,827,064,576. Idadi hiyo yatisha machoni, lakini mashine yenye kujaribu maneno 1,000,000,000 kwa sekunde, uwezo usio wa ajabu siku hizi ikiwa kinu ni chepesi, itayamaliza yote kwa dakika tatu na nusu hivi. Zikiwa herufi 12, mashine hiyo hiyo itahitaji miaka ipatayo mitatu. Herufi nne za ziada zimegeuza dakika kuwa miaka, jambo ambalo alama ya mshangao iliyobandikwa mwishoni mwa jina la mtoto haliwezi. Ndiyo sababu vinu vya kisasa hutengenezwa viwe vizito kwa makusudi, na ndiyo sababu urefu wa neno una thamani kuliko mapambo yake.

Hata hivyo si kila mwenye tovuti hujali. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitwa RockYou iliibiwa maneno ya siri zaidi ya milioni 32, yote yakiwa yamehifadhiwa waziwazi kama yale ya mwaka 1962. Lililotumiwa na watu wengi zaidi lilikuwa 123456. Mtumiaji hawezi kukijua kinu cha tovuti fulani wala kama kipo. Awezalo ni kutolitumia neno moja mahali pawili, hasa neno la barua pepe, kwa kuwa tovuti nyingine nyingi humtumia aliyesahau neno lake barua ya kulibadilisha. Aliyeushika ufunguo wa sanduku la barua ameshika funguo za nyumba nzima.

Mpaka hapa baba hana kosa. Neno lake ni refu, na tovuti yake ina kinu kizuri. Mbona basi sanduku limebaki wazi?

Sababu ni kwamba neno la siri hutumika mara moja tu, mlangoni. Lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza haina kumbukumbu: kila ukurasa unaoombwa huombwa kana kwamba aombaye hajapata kuonekana. Kama hapangekuwa na mbinu nyingine, mtu angechapa neno lake upya kwa kila barua aifunguayo. Mbinu ilipatikana mwaka 1994, pale Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alipobuni kijaladi kidogo kinachoitwa kuki.

Kuki hufanya kazi ya kadi ya mgeni. Afikaye katika ofisi yenye mlinzi huonyesha kitambulisho langoni, akaandikwa katika daftari na kupewa kadi ya kuvaa kifuani. Kuanzia hapo hakuna anayemwuliza jina. Walinzi wa ndani huitazama kadi tu. Kadhalika seva, ikiisha kulikubali neno la siri, hukipa kivinjari namba ndefu ya nasibu na kuiandika katika daftari lake. Kivinjari huitoa namba hiyo kila kiombapo ukurasa. Aliye na kadi ndiye mgeni, hata kama kadi ameiokota.

Jambo hilo lilidhihirika mwaka 2010, Eric Butler alipoitoa programu aliyoiita Firesheep. Wakati huo tovuti nyingi mashuhuri zililifumba neno la siri lilipokuwa njiani, kisha kuki ikasafiri wazi. Yeyote aliyeketi katika mkahawa wenye mtandao usio na waya na usiofungwa aliweza kuzinasa kuki za majirani zake na kuingia kwa majina yao, bila kulijua hata neno moja la siri. Aibu hiyo ilizisukuma kampuni kuyafumba mawasiliano yote, na alama za https mwanzoni mwa anwani ndizo zionyeshazo ufumbaji huo. Hazionyeshi uaminifu wa mwenye tovuti. Tapeli naye huweza kuzipata, tena bure. Anwani yenyewe ndiyo ya kusomwa, nayo husomwa kutoka mwishoni mwa jina, kabla ya mkwaju wa kwanza unaolifuata jina hilo. Tovuti za serikali ya Tanzania huishia .go.tz na za Kenya .go.ke, herufi hizo zikitokea mwanzoni au katikati, kisha jina jingine likafuata, mwenyeji ni huyo wa mwisho.

Baba alipolifunga dirisha, aliondoka na kadi kifuani. Daftari la seva lingali likimhesabu ndani, na kadi imebaki katika diski ya kompyuta, pengine kwa majuma kadhaa, hasa ikiwa aliweka alama katika kisanduku kisemacho akumbukwe. Anapobonyeza neno "Toka" ndipo seva inayofuata utaratibu mwema hulifuta jina lake daftarini na kukiambia kivinjari kiitupe kadi. Zipo programu za hila, aghalabu zilizofichwa ndani ya michezo na programu za bure zisizo halali, ambazo hukusanya kuki za kompyuta na kuzituma kwa mwizi. Kwa mwizi huyo, hata tarakimu za uthibitisho zitumwazo katika simu si kizuizi, kwa kuwa nazo huulizwa mlangoni tu. Kadi iliyofutwa daftarini haimfai kitu. Huduma nyingi zina pia amri ya kutoka katika vifaa vyote, yenye kuzifuta kadi zote hata zile zilizosahauliwa katika kompyuta za watu wengine.

Katika kompyuta ya nyumbani kuna kinga nyingine isiyo na gharama: kila mtu afunguliwe akaunti yake katika mfumo wa kompyuta yenyewe, yenye neno lake. Kivinjari huweka kuki za kila akaunti mbali, na mwana hawezi kuivaa kadi ya baba kwa bahati mbaya.

Mwalimu aweza kuyaonyesha haya kwa dakika kumi, akitumia akaunti yake ya majaribio. Aingie katika tovuti kwa kivinjari kimoja, kisha afungue kivinjari cha aina nyingine katika kompyuta hiyo hiyo: kitamwuliza neno la siri, kwa kuwa hakina kadi. Arudi katika kile cha kwanza, alifunge dirisha, alifungue tena, wanafunzi waandike walichokiona. Hatimaye atoke kwa amri ya kutoka, kisha abonyeze mshale wa kurudi nyuma. Huenda ukurasa wa zamani ukatokea, na darasa likadhani jaribio limeshindwa. Aujaribu ukurasa huo kwa kuomba barua nyingine. Ule uliotokea ni picha tu iliyobaki katika kumbukumbu ya kivinjari. Seva, ikiombwa kitu kipya, itamrudisha mlangoni.