Gari Lililoshushwa

Ukipita Upanga jioni huenda ukaona gari dogo lililokaribia kugusa lami, rimu zake zinang'aa. Linapendeza, sina ubishi. Lakini je, limeshushwaje?

Juu ya gurudumu kuna springi na shokapu. Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu huituliza isirukeruke. Fundi mwema hufunga springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Vipuri hutafutwa Gerezani, Kariakoo. Fundi wa haraka hukata pete moja au mbili za springi ya zamani. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi, na gurudumu likining'inia shimoni yaweza kuchomoka mahali pake. Mbaya zaidi ni kuichoma moto ili ilale: chuma hupoteza nguvu yake.

Tena kuna mvua. Bonde la Msimbazi, pale Jangwani, hufurika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu mjini. Gari la chini huingiwa na maji mapema, na injini ikiyavuta yaweza kuvunjika ndani.

Basi, kabla hujamlipa fundi, pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya bakuli la oili, chini ya injini, na ardhi. Kisha nenda ukapime tuta la mtaani kwako.