Hata Kizuri Chahitaji Mpiga Mbiu

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Methali hii ina busara yake, lakini katika mambo ya sanaa imewapotosha wengi. Mpigaji litungu wa Nyamongo aweza kuzicharaza nyuzi zake nane kwa ustadi mkubwa, watu wa Kewanja na Matongo wakaacha shughuli zao kumsikiliza, na bado mtu wa Musoma asijue kwamba yuko duniani. Uzuri wake haukujiuza, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuutangaza.

Jina la Nyamongo lajulikana mbali kwa sababu ya dhahabu. Tangu mgodi wa North Mara uanze uzalishaji mwaka 2002, habari nyingi za mahali hapa zimekuwa za mashimo, fidia na ugomvi. Habari hizo zastahili kuandikwa. Lakini nchi isiyosikia ila hizo hudhani kwamba watu wa huko hawana jingine la kuwapa wenzao. Wanalo! Wana litungu, wana ngoma zao, na wana watunzi waijuao lugha ya Kikurya hata mizizi yake. Mzee mmoja wa namna hiyo afapo kabla sauti yake haijanaswa, nyimbo zake huenda naye kaburini.

Kuwajulisha watu habari za wasanii si jambo geni kwetu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya sahani za santuri, sauti yake iliingia katika nyumba za watu wasiopata kumwona kwa macho. Bi Kidude naye aliimba miaka mingi sana, lakini tuzo ya WOMEX aliipokea mwaka 2005, akiwa bibi mzee, baada ya kuwapo watu waliompeleka katika majukwaa ya mbali. Kipaji kilikuwapo siku zote. Iliyochelewa ni mbiu. Na marehemu Ruge Mutahaba, aliyefariki mwaka 2019, hakutosheka kuyataja majina ya vijana katika redio ya Clouds. Alishughulika pia na nyumba ya vipaji ya THT, ambako vijana walifundishwa kuimba na kucheza. Alifahamu kwamba anayetangaza bidhaa mbovu hutangaza mara moja tu.

Hapo ndipo ilipo siri ya kudumu katika kazi hii. Wengi hudhani ni kazi ya kelele. La, ni kazi ya uaminifu na subira. Mtangazaji mwema humjua msanii wake: jina lake kamili, kijiji chake, nyimbo zake na maana ya kila wimbo. Kwa wimbo wa Kikurya hana budi kuieleza maana hiyo kwa Kiswahili safi, ili hata msomaji wa Mtwara aionje. Barua yake kwa mhariri huwa fupi, hutaja siku, saa, mahali na kiingilio, nayo hufika mapema. Akisema wapigaji watakuwa kumi, wawe kumi. Mhariri aliyedanganywa leo hatafungua barua ya kesho, na watazamaji waliolipa kumwona msanii asiyekuja hawarudi tena.

Jambo la pili ni haki ya msanii. Mara nyingi wapigaji wetu huitwa kuchangamsha mikutano na sherehe, kisha hupewa soda na neno la ahsante. Mtangazaji anayelikubali jambo hilo, au anayechukua fungu kubwa kuliko mwenye jasho, amejikatia tawi alilokalia. Mapatano yaandikwe, kila mmoja abaki na nakala yake, na kazi za msanii ziandikishwe COSOTA, chombo kilichoundwa kwa sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Kwa hiyo twawaambia vijana wa Nyamongo waliosoma na wasio na ajira: kazi hii ipo, nayo yaweza kuanza kwa simu ya mkononi na daftari. Nendeni kwa wazee wapigaji, waombeni ruhusa, naseni nyimbo zao, andikeni majina na tarehe. Maafisa utamaduni wa Tarime na Serengeti nao wawasaidie kuzifikia redio na magazeti. Msitazamie utajiri wa mwaka mmoja. Dhahabu ikishachimbwa hairudi shimoni, lakini jina jema la msanii laweza kumlisha yeye, na aliyemtangaza, kwa miaka mingi.

Sharti ni moja tu, nalo pia wahenga walikwisha kulisema: njia ya mwongo ni fupi. Atakaye safari ndefu katika kazi hii na aseme kweli.