Moyo Uliochoka na Chungu cha Nyumbani

Ndugu msomaji, yako maradhi yanayomlazimu mtu mzima kujifunza upya kula, kunywa na hata kulala. Mojawapo ni ugonjwa wa moyo kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Unapomfika mtu mwenye unene wa kupindukia, mzigo wake huwa maradufu. Huambiwa apunguze chumvi kwa ajili ya moyo, apunguze wanga na mafuta kwa ajili ya mwili, na pengine apimiwe hata maji ya kunywa. Akiketi mbele ya sinia hujiuliza: kimebaki nini cha kula?

Wengi hulijibu swali hilo kwa njia mbili, na zote mbili zina hatari. Wako wanaokata tamaa na kurudia mlo wa zamani, na wako wanaojitesa kwa njaa wakidhani kwamba adhabu ni dawa. Hapana budi kuitafuta njia ya tatu.

MAJI SI MAFUTA

Moyo dhaifu hupeleka damu haba kwenye figo. Figo nazo, kana kwamba mwili umekaukiwa, huzuia chumvi na maji visitoke. Maji hayo hujaa miguuni, tumboni na mapafuni. Ndipo mgonjwa huvimba, huhema kwa hatua chache tu, na usiku hulala ameegemea mito.

Kwa mtu mnene dalili hizi hujificha. Uvimbe wake huitwa unene, na kuhema kwake huitwa uvivu. Akiongezeka uzito, jamaa humlaumu kwamba amekula kwa siri, ilhali pengine amejaa maji na anahitaji daktari upesi.

Hapo mizani ndiyo shahidi wa kweli. Ili mwili ujenge kilo moja ya mafuta, huhitaji ziada inayokaribia chakula cha mtu mzima cha siku tatu. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, nayo yaweza kujikusanya kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mgonjwa na ajipime kila asubuhi baada ya kujisaidia, kabla ya kula, akiwa na nguo nyepesi, na aandike daftarini. Uzito ukizidi kwa zaidi ya kilo 2 katika siku 3, asijinyime chakula. Aende kwa daktari. Na pumzi ikimbana, aende hata kama mizani haijasogea.

Mizani nyingine za nyumbani huishia kilo 120 au 150. Mwenye uzito zaidi asione haya kuomba kupimwa kwenye mizani kubwa ya zahanati au hospitali.

KIJIKO KIMOJA CHA CHAI

Maji ya chumvi anayotundikiwa mgonjwa hospitalini huwa na gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kipimo hicho chatufunza jambo: kijiko kimoja cha chai, chenye gramu 5 hivi, chaweza kushikilia zaidi ya nusu lita ya maji mwilini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu hizo 5 kwa siku nzima.

Tena si chumvi ya kunyunyiza peke yake. Imo katika ng'onda na papa mkavu, katika mkate na katika viungo vya mchuzi vya pakiti. Hata magadi yanayotiwa kwenye maharage na mlenda yana sodiamu, ile ile iliyomo katika chumvi. Badala yake pana limau, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili. Lakini chumvi mbadala za dukani zisinunuliwe bila idhini ya daktari, kwani nyingi zina potasiamu, ambayo pamoja na baadhi ya dawa za moyo yaweza kuleta madhara makubwa.

UKALI UNA MPAKA WAKE

Mwaka 1939, huko Durham, Marekani, daktari Walter Kempner alianza kuwalisha wagonjwa wali, matunda na sukari, karibu bila chumvi kabisa. Wengi shinikizo lao la damu lilishuka, lakini mlo huo ulikuwa mgumu mno kuudumisha. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliohusisha wagonjwa 806 wa moyo katika nchi sita. Waliopunguziwa chumvi kwa ukali zaidi walipata nafuu kidogo katika hali yao ya kila siku, ila katika mwaka mmoja vifo na kulazwa hospitalini havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika.

Hatusemi chumvi irudishwe. Tunasema kwamba kiasi kinachoshikwa kila siku chashinda ukali unaodumu wiki mbili. Kadhalika, njaa kali huyeyusha misuli pamoja na mafuta, na moyo wenyewe ni msuli. Uzito upunguzwe polepole, kwa uangalizi wa daktari, dawa zikimezwa bila kuruka hata siku ya safari.

CHUNGU KIMOJA

Aghalabu mgonjwa hupikiwa chungu chake pembeni, kisha huketi akinusa mchuzi wa wenzake. Huko si kumtunza, ni kumtenga. Utafiti wa wagonjwa 427 uliofanywa Muhimbili na kutangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba chanzo kikubwa cha moyo kushindwa kilikuwa shinikizo la damu. Basi chumvi inayomdhuru mgonjwa leo ndiyo iwezayo kumwandalia mwanawe ugonjwa huo huo kesho.

Ndugu msomaji, ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, usimhesabie matonge. Punguzeni chumvi katika chungu cha wote, jazeni mchicha na bamia, kisha mleni pamoja. Na asubuhi akisimama juu ya mizani, msomee namba bila lawama, uiandike naye.